Harusi Uani kwa Mkumba

Mvua za masika zilipokolea, watu wa bondeni walimwomba tajiri Mkumba wahamie uani kwake kilimani kabla mto haujafurika.

"Ua wangu si kambi!" aliwajibu.

Kesho yake Siwatu, mwanamke mmoja wa bondeni, alimwendea peke yake. "Basi niazime ua kwa harusi ya mwanangu, baba. Mwenye shughuli uwe wewe."

Mkumba akatabasamu. Alipenda kusifiwa kwenye shughuli kuliko kula. "Walete! Nani asiyejua kwamba mgeni wa harusi hafukuzwi kabla ndoa haijafungwa?"

Jioni watu wote wa bondeni wakapanda na mikeka, sufuria, magunia ya mpunga na kuku, wazee wamebebwa migongoni. Mkumba mwenyewe alimshika mkono bibi mmoja aliyechoka, akamkalisha barazani.

Kulipokucha bonde lote lilikuwa maji, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebaki huko.

"Siwatu, bibi harusi yuko wapi?" Mkumba aliuliza.

Siwatu akafunua kanga kifuani. Kichanga kilikuwa kikinyonya. "Huyu hapa, baba."

"Na bwana harusi?"

"Hajazaliwa bado. Tutamsubiri hapahapa kwako."