Fisi Aliyepiga Hodi

Haya, masikio!

— Yapo wazi!

Na midomo?

— Imefungwa!

Wewe uliyekaa mwisho pale, wako haujafungwa, nauona muhogo unachungulia. Tafuna umalize, nakungoja. Umemeza? Basi twende.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakipika na kualikana kama sisi, aliishi Pimbi mmoja na watoto wake wawili. Mnamjua Pimbi? Ni mdogo tu, hazidi sungura, mkia hana, na anapenda mawe kuliko kitu chochote. Nyumba yake ilikuwa pango, juu ya kilima, nyuma ya magofu ya watu wa kale. Kuta za magofu zilikuwa bado zimesimama, lakini mapaa yalikwisha kuanguka na mizizi ilikuwa imepita madirishani. Katika pango hilo Pimbi alizaliwa, na mama yake alizaliwa humo humo.

Siku moja mama yake Pimbi akafa. Pimbi akaenda na watoto wake kumzika kwa ndugu zao ng'ambo ya mto, akakaa matanga, akarudi. Kufika mlangoni pake, akasikia mtu anakoroma ndani.

"Nani humo?" akauliza.

Akatoka Fisi, anajinyoosha. "Karibu, mgeni," akasema.

"Mgeni? Hapa ni kwangu!"

"Kwako wapi? Hapa nimezaliwa mimi. Ukitaka maji ya kunywa sema, halafu uende zako."

Mnausikia ujeuri huo? Mtu anakukaribisha nyumbani kwako mwenyewe! Mimi ningemrukia. Lakini Pimbi na Fisi, wapi na wapi. Pimbi akawachukua watoto wake, akawalaza chini ya ukuta wa magofu, mahali pasipo na paa. Na masika yalikuwa yanakuja.

"Mama, mawingu," wakasema watoto.

"Nimeyaona, wanangu," akasema Pimbi.

Akashuka bondeni kwa Jumbe Nyati, aliyekuwa akiamua kesi za wanyama wote. Nyati akamsikiliza Pimbi. Akamwita Fisi, akamsikiliza naye. Na Fisi alisema maneno matamu! Akaeleza mlango wa pango ulivyo, jiwe lililopasuka liko upande gani, jua la asubuhi linaingia wapi. Alisema mpaka machozi yakamtoka, ya uongo.

Nyati akajikuna pembe kwenye mti. "Bi Pimbi, shahidi wako nani?"

"Shahidi wangu ni mama, Jumbe, na mama nimemzika."

"Hapo pagumu," akasema Nyati. "Basi kesho twende huko huko. Siamui kesi ya nyumba nisiyoiona. Na wewe uliyeleta kesi utapika, maana kilima kile ni kirefu na mimi nina tumbo."

Asubuhi wakashika njia. Mbele Nyati, nyuma yake Kanga, rafiki yake Pimbi wa bondeni, asiyewahi kupanda kilima kile, amejitwika chungu, na maneno hayamwishi mdomoni. Nyuma kabisa Pimbi na watoto wake, na kikapu cha mahindi, kunde, nazi, na kichwa kimoja kikubwa cha kambale mkavu. Fisi hakuwangoja. Alitangulia usiku, akalinde mlango.

Wakavuka kijito. "Bado?" akauliza Nyati.

"Bado kidogo, Jumbe."

Wakapita kwenye nyasi ndefu. "Bado?"

"Bado kidogo, Jumbe."

Wakapanda, wakapanda, Nyati anahema kwa nguvu. "Bado?"

"Bado kidogo tu, Jumbe." Nanyi mnaijua "bado kidogo" ya mtu anayekupeleka kwao.

Wakafika. Fisi alikuwa amekaa katikati ya mlango wa pango, ameuziba wote. Nyati akazunguka magofu, akagonga ukuta kwa kwato, akachungulia pangoni juu ya mgongo wa Fisi.

"Pango nimeliona," akasema. "Lakini pango halisemi. Tule kwanza. Tukishakula, kama hakuna shahidi, aliyekaa ndani atabaki ndani."

Pimbi akatua kikapu. Akatazama juu.

"Mama, mawingu meusi," wakasema watoto.

"Nimeyaona. Leteni kuni."

Hakulia, hakubembeleza. Alikwisha kujua la kufanya. Kanga akakusanya mawe matatu yaliyoanguka ukutani, akayapanga mafiga pale uani, palipokuwa na nyumba za watu. Moto ukawaka. Pimbi akateleka chungu, akatia mahindi na kunde, akafunika. Wakangoja, Kanga anasimulia habari za bonde zima, mpaka kande ikalainika.

Pimbi akafunua. Mvuke ukaenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Bwana Fisi," akaita, "njoo uonje chumvi!"

Fisi akameza mate. "Siji. Nikiondoka hapa, utaingia."

Pimbi akakuna nazi, akakamua tui, akamimina. Kande ikatokota taratibu, harufu ikajaa magofu yote.

"Bwana Fisi, njoo uonje chumvi!"

Fisi akainuka. Akapiga hatua, akapiga nyingine, akakumbuka, akarudi mbio akakaa. "Siji!" Lakini ute ulikuwa umefika kifuani.

Pimbi akatoa kichwa cha kambale. Akakibanika kwanza juu ya makaa, mifupa ikalia kwa moto, ndipo akakitosa chunguni.

"Bwana Fisi, njoo uo..."

Hakumaliza. Fisi alikwisha fika. Kaingiza kichwa chunguni mpaka masikio, anatafuna, ka! ka! ka! Haoni, hasikii. Kanga akashika mwiko akawa anakoroga kando ya masikio yake, kana kwamba mpishi ni yeye. Pimbi akawakonyeza watoto wake, na wote watatu wakateleza taratibu mpaka pangoni. Nyati aliwaona. Akaendelea kutafuna nyasi zake.

Sasa, ndani kabisa ya pango lile kulikuwa na kona. Ukisema neno kwenye kona ile, linajaa pango zima na kutoka nje likiwa kubwa. Hapo ndipo mama yake Pimbi alipokuwa akimwimbia, na Pimbi naye amewaimbia wanawe. Fisi hakuijua kona hiyo. Aliyajua ya mlangoni tu, kwa kuwa hapo ndipo alipozoea kulala.

Fisi akashiba. Akajilamba, akacheua, akarudi kwenye mlango wake.

Ndani kukatoka kikohozi: KOHO! KOHO!

Fisi akaganda. Nywele za shingo zikasimama. Ni nani huyu? Ni simba? Akageuka amwombe Nyati msaada, akaona aibu. Akageuka akimbie, akaona atalikosa pango. Akasogea pole pole mpaka mlangoni, mkia katikati ya miguu, akaita kwa sauti nyembamba:

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi jamani! Wenyewe mpo?"

Hapo akatokea Pimbi, mtoto huku na mtoto huku, kichwa juu. "Tupo," akasema. "Karibu, mgeni."

Kanga akapiga kelele zake zote. Nyati akasimama.

"Fisi, umesema nini?"

"Nimesema... hodi."

"Na baada ya hodi?"

Fisi akatazama chini. "Nimesema, wenyewe mpo."

"Na wenyewe wamekuitika. Shahidi niliyekuwa namtafuta ni mdomo wako."

"Niliogopa, Jumbe! Nilisikia kitu ndani!"

"Bi Pimbi naye alisikia kitu ndani," akasema Nyati, "nacho kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Bi Pimbi, uliporudi matangani uliita vipi?"

"Niliuliza, nani humo."

"Ndivyo anavyouliza mtu kwake. Hodi ni ya mgeni. Kesi imekwisha. Kanga, kimebaki nini chunguni?"

Mara mvua ikashuka, mvua yenyewe, ya masika. Nyati akajibanza kwenye ukuta, Kanga akaingia pangoni, na Fisi akabaki nje analowa.

"Bi Pimbi," akalia, "nisitiri, mvua hii!"

Pimbi akamtazama. "Ukitaka maji ya kunywa sema," akamjibu, "halafu uende zako."

Enyi mnaonisikiliza, mali ya mwenzako msiichukue, na ya mfiwa ndiyo msiiguse kabisa. Anayekaa kwenye haki anaweza kutoka akapike, akarudi akalala. Anayekaa kwenye uongo lazima alinde mlango kutwa kucha, na bado mdomo wake utamtoa nje.

Chungu nimekiepua, mwiko nimeutundika. Anayetaka ukoko, akwangue mwenyewe.

— Tumeshiba!