Jina la Mtoto wa Kwanza wa Galasa

Sogeeni karibu. Nina kesi ya mtoto wa siku moja, na mimi imenishinda.

Katika nchi moja yenye mabunge mawili waliishi wanawake watatu. Gumato alikuwa mkunga wa Galasa, jimbo la ngamia na mawe, ambako jirani yako hukaa mwendo wa nusu siku. Alijaliwa kumbukumbu: hakumsahau mzazi hata mmoja aliyepita mikononi mwake. Nkirote, mbunge wa Kirimene, jimbo lenye watu tele, alijaliwa ulimi wa kulainisha wabishi. Dahabo, seneta wa Galasa, alijaliwa ukaidi. Akishasema hapana, hata mumewe hakupoteza muda kumbishia.

Galasa haikuwa na hospitali. Wenye uchungu walisafirishwa siku mbili, na wengine hawakufika. Gumato alichoka kuzika, akafunga safari hadi mji mkuu.

Katika Bunge viti hugawanywa kwa wingi wa watu. Kirimene ilikuwa na wabunge arobaini, Galasa mmoja tu, tena mgonjwa. Kwa hiyo Gumato alibisha hodi kwa Nkirote, mtu asiyemjua. Nkirote aliandika muswada wa hospitali za uzazi, akaupigania miezi minane, ukapita. Ila ili apate kura alikubali kifungu kimoja: hospitali zijengwe penye watu wengi.

Muswada ukaenda Seneti. Huko kila jimbo lina kura moja, liwe na watu milioni au ngamia watupu. Dahabo akaukalia, maana kwa kifungu kile Galasa isingepata kitu. Magazeti yalimsema kwamba anawanyima akina mama hospitali, naye akatulia tuli, mpaka maseneta wenzake wakakubali kubadilisha kifungu: kila jimbo lipate yake. Bunge likayakataa mabadiliko hayo.

Mabunge yakivutana hivyo, huundwa kamati ya upatanisho, wajumbe sawa kwa sawa. Nao wakagawanyika nusu kwa nusu. Ndipo wakamwita Gumato atoe maoni. Hakuwa na karatasi. Aliwataja kumi na mmoja waliofia njiani, jina kwa jina, na mahali alipozikwa kila mmoja. Mwenyekiti alivua miwani, akaomba kura ipigwe upya. Hakuna aliyepinga, na mabunge yote mawili yakapitisha kwamba kila jimbo lipate hospitali yake.

Hospitali ikajengwa. Mtoto wa kwanza, wa kike, alipokewa na Gumato mwenyewe. Sasa, mila ya Galasa ni hii: mtoto hupewa jina moja tu, la mtu aliyemfungulia njia ya kuja duniani, na mkunga ndiye humnong'oneza sikioni kabla jua halijatua. Likishatamkwa halibadilishwi.

"Bila muswada wangu mngebishania nini?" Nkirote alimtania Dahabo kando ya kitanda cha mzazi, walipokuja kumwona mtoto.

"Muswada wako, dada yangu, ungemzalisha huyu huko kwenu Kirimene."

Walicheka, lakini kila mmoja alitaka jina lile liwe lake. Nkirote hakujaliwa mtoto. Dadake Dahabo alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Na Gumato, katika mamia aliowapokea, hakuwa na hata mmoja aliyeitwa kwa jina lake, kwa kuwa mkunga huona haya kujitaja.

"Hata ukijitaja, mama, nitafurahi," mzazi alimwambia.

Gumato aliwapenda wote wawili, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alijipenda pia. Jua lilikuwa limeshuka hadi dirishani. Akainama, midomo yake ikagusa sikio la mtoto.

Haya, ninyi mnaosikiliza: ingekuwa ni zamu yenu kunong'oneza, mngetamka jina la nani?