Utepe wa Getini

"Ufunguo sitoi, mama. Hata ukilala hapo getini mpaka kesho, sitoi."

"Mimi sijaomba ufunguo wa chumba chako, mzee. Nimeomba wa uwanja."

"Na uwanja una utepe. Huuoni utepe?"

"Nauona. Ulikuwa mwekundu, sasa una rangi ya ufizi."

"Basi kama unauona, uache. Utepe hukatwa na mgeni rasmi, haukatwi na fundi cherehani."

"Mkasi ninao, mzee. Tena mkali kuliko huo wake."

Watu waliokuwa wakipita walicheka, na mzee mwenyewe nusura acheke. Lakini alikaza uso, akautia ufunguo mfukoni na kuukandamiza kwa kiganja, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Wapendwa, hao wawili hawakuwa maadui. Ngoja niwaeleze walifikaje pale getini.

Mtaa wao haukuwa na mahali pa kuchezea. Wasichana walifanyia mazoezi ya mpira wa pete kando ya barabara ya malori ya mchanga. Goli lao lilikuwa rimu ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Kocha wao alikuwa yule mama, fundi cherehani. Lori likija alipiga filimbi, wote wakarukia mtaroni. Lori likipita, wakarudi, wakaendelea pale walipoachia.

Wenye mtaa wakasema, hapana, tujenge uwanja wa watoto wetu. Na kweli walijenga. Kuku walinadiwa baada ya ibada, na ndizi, na hata boga moja lililonunuliwa mara tatu, maana kila aliyelinunua alilirudisha linadiwe tena. Siku za Jumamosi wanaume walichimba msingi. Yule mzee, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, alikunja suruali akakoroga zege pamoja nao. Wasichana wenyewe walibeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, huku wakiimba, kwa sababu walijua wanajijengea.

Uwanja ukaisha. Sakafu ilikuwa laini kama meza. Mistari ilichorwa kwa rangi nyeupe, magoli ya chuma yakasimikwa yangali na nailoni zake. Ukajengwa ukuta, likawekwa geti, na kwenye geti likawekwa kufuli.

Hapo kamati ikakaa na kusema, kitu kizuri namna hii hakianzi kutumika hivihivi. Lazima kizinduliwe. Si mnajua tulivyo? Hata choo cha shule tunakifunga mpaka aje mtu wa kukata utepe, na watoto wanaendelea kwenda vichakani wakikitazama. Basi wakachagua mgeni rasmi, mama mmoja mkubwa serikalini, ambaye zamani alichezea timu ya mkoa. Alipopata habari alifurahi sana, akasema atakuja. Mara akapata safari, akaomba radhi, akaahirisha. Mara vikao vya bajeti vikamkamata, akaomba radhi tena.

Sasa turudi getini.

"Mzee," kocha alisema, safari hii bila utani, "wasichana wangu wako darasa la saba. Mashindano ya kata ni mwezi ujao. Ile shule ya wasichana ya kule mlimani hutuma mwalimu wake kuja kutazama, na mchezaji mzuri wanamchukua akasome bure. Ninaye yule mrefu, mfungaji wangu. Kwao wameshasema darasa la saba ndiyo mwisho. Hana mlango mwingine. Mwache aingie siku chache tu, alizoee goli la kweli."

"Na mistari ikifutika? Mgeni akija akakuta uwanja umechakaa, atatuchangia jukwaa la watazamaji? Mama, mimi nawapenda hao watoto. Nataka wakabidhiwe kitu kipya. Wavumilie kidogo."

"Kidogo ya kwako au ya kwao? Wewe mwakani utakuwa mwenyekiti bado. Yeye mwakani atakuwa nani?"

Mzee aligeukia geti. Alilitikisa kufuli kuhakikisha limefunga, akaenda zake.

Sasa niwaulize ninyi mnaonisikiliza, mzee alikosea? Msiseme haraka. Nyumbani kwetu wengi tuna vikombe vya wageni kabatini. Watoto wanazaliwa, wanakua, wanaondoka pale nyumbani, hawajawahi kunywea kikombe hata kimoja. Na mama hana ubaya wowote. Anavitunza tu.

Mashindano yakafika. Yule msichana mrefu akasimama chini ya goli, akarusha. Mpira ukapita chini ya pete. Akarusha tena, ukagonga chuma ukarudi. Wapendwa, ile rimu ya baiskeli ilikuwa imepigiliwa chini kuliko goli la kweli, na mkono wake ulijua rimu tu. Mpaka mkono ulipoanza kujifunza, filimbi ya mwisho ilikuwa imelia, na yule mwalimu wa mlimani alikuwa ameshamwita pembeni mtoto wa timu nyingine, anamuuliza jina lake na la baba yake.

Wakarudi mtaani kwa miguu. Hakuna aliyelia njiani. Walipofika kwenye uwanja wao, msichana yule alisimama, akaweka jicho kwenye upenyo wa geti, akatazama ndani muda mrefu. Kisha akamuuliza kocha wake, "Kumbe hata letu liko juu hivyo?"

Uwanja ukaendelea kutunzwa. Kamati iliingia kuufagia, viatu mkononi. Utepe ulipopauka kabisa walinunua mwingine. Mpira hawakununua. Upande wa nyuma ukuta ulipata ufa, ukabomoka kidogo, na asubuhi moja wakamkuta mbuzi amesimama katikati ya mistari. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuchezea uwanja ule.

Hatimaye mgeni rasmi akaja. Maturubai yakafungwa, kwaya ikapangwa, mzee akavaa koti. Alipoingiza ufunguo, kufuli likagoma, maana tangu ukuta ubomoke kamati ilipitia nyuma, na kutu ilikuwa imelishika. Ikabidi walivunje kwa jiwe mbele ya mgeni. Mgeni akacheka, akasema hakuna neno. Akakata utepe, watu wakapiga vigelegele. Ndipo walipotambua kwamba mama huyu mkubwa alikuwa amevaa raba chini ya kitenge chake, na kwapani amebana mpira mpya.

"Haya," akasema, "timu iko wapi? Nataka nirushe nao kidogo kabla ya hotuba."

Mzee aligeuka kumtafuta fundi cherehani. Alimwona nyuma kabisa, amesimama peke yake, filimbi bado iko shingoni.

"Timu ilikuwa mwaka juzi, mheshimiwa," kocha akajibu.

"Na mfungaji wenu?"

"Yuko mjini, analea mtoto wa watu."



Wapendwa, sikuleta mfano huu ili tumcheke mzee. Mzee yule ni sisi. Tuna ukumbi nyuma ya kanisa ambao tuliujenga tukisema ni wa vijana. Vijana wako wapi sasa hivi? Wamekaa kwenye kuta za nje za ukumbi huohuo, kwenye kivuli chake. Tunasema tusubiri uwekwe wakfu kwanza, tusubiri vigae, tusubiri viti. Gitaa la kwaya liko kwenye mfuko wake tangu liletwe. Tukiulizwa tunajibu tunamtunzia Mungu. Je, Mungu alituomba tumtunzie rangi ya ukuta? Tumemfanya kama mgeni rasmi, tunahofia akija atakagua mistari. Mimi sidhani atakagua mistari. Nadhani atauliza timu.

Na timu haitusubiri. Huyu mwenye miaka kumi na mitatu leo, hatabaki na kumi na mitatu mpaka kamati ikutane. Anakua, iwe geti liko wazi au limefungwa. Nguo za mchezo zinambana, baadaye anapata kazi za watu wazima za kufanya, na siku tutakapofungua atapita pale nje na mzigo kichwani, atatazama ndani, ataendelea na safari. Nani atamrudishia mwaka wake? Kamati? Mimi? Wewe uliye na ufunguo? Maana ufunguo hauko mjini kwa wakubwa. Uko hapahapa, mfukoni kwa mmoja wetu, na mwenyewe anajijua.

Nimalizie pale getini.

Yule mgeni hakuingia. Alisimama mlangoni na mpira wake kwapani, akaitazama ile sakafu nzuri isiyo na alama hata moja ya kiatu cha mtoto. Halafu akamgeukia mzee, akamwambia taratibu, "Mzee wangu, mimi kila nilipoahirisha nilikuwa na amani. Nilijua watoto wanacheza."