Ngiri Alivyomchekesha Kiboko Msibani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, kobe alipokuwa bado analalamika kwamba nyumba yake ni nzito, kulikuwa na kiangazi. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Hata mate yakakauka. Likabaki dimbwi moja tu, na ndani ya dimbwi hilo amekaa Kiboko. Kiboko amefiwa na mama yake. Siku ya kwanza analia, siku ya pili analia, siku ya tatu yupo palepale, amelijaza dimbwi lote kama mtu mzima kwenye beseni la mtoto.

Wanyama wakamwambia, "Bwana Kiboko, pole sana. Tokatoka kidogo tunywe."

Kiboko akasema, "Sitoki mpaka matanga yaanuliwe."

Na katika nchi ile matanga hayakuanuliwa hivi hivi. Kila ukoo ulikuwa na watani wake. Ukifiwa, mtani wako husimama mbele ya watu wote, akakutania mpaka ucheke. Ukicheka, matanga yamekwisha. Usipocheka, mnaendelea kukaa.

Mtani wa akina Kiboko alikuwa nani? Ngiri. Ndiyo, huyu huyu mwenye meno ya nje na vinundu usoni. Alikuwa na watoto wanne shimoni, ndimi nje, na yule mdogo kabisa alikuwa hawezi tena kusimama. Ngiri akaenda kwenye mkutano wa wanyama, akasema, "Ndugu zangu, kazi hii ni yangu."

Nyati, mwenyekiti wa mkutano, akamtazama juu mpaka chini. "Sura hiyo uipeleke mbele ya wafiwa? Kaa chini. Tunataka mtaalamu. Nani hapa anayecheka kuliko wote?"

"Fisi," wakasema wanyama.

"Basi Fisi ndiye mchekeshaji."

Jamani, tazameni akili hiyo. Ni sawa na kumpa mlafi kazi ya upishi.

Fisi akasimama ukingoni. Akakohoa. "Siku moja palikuwa na..." Kwi kwi kwi! "Palikuwa na mbuni..." Kwi kwi kwi kwi! "Yule mbuni akamwambia..." Hakufika. Alicheka akaketi, akacheka akalala, akacheka akabiringika, biri biri biri, chubwi, mpaka mapajani mwa Kiboko. Kiboko akakasirika, akayapiga maji kwa mguu. Pwaa! Maji yakaruka nje, ardhi ikayanywa. Yaliyokuwa yanamfika mabegani yakashuka tumboni.

"Tafuteni anayejua mizaha mingi," akasema Nyati.

Akaitwa Kasuku. Kasuku alikuwa na mizaha arobaini na miwili, yote ameisikia arusini kwa ndege wenzake, akina kanga, yote ameihifadhi kichwani. Akaanza na wa kwanza. "Bibi arusi alikuwa mnene, akakalia mkeka, mkeka ukazimia."

Kimya. Marehemu mama yake Kiboko, Mungu amrehemu, hakuwa mwembamba.

"Hamjaelewa," akasema Kasuku. "Nitaeleza. Mkeka hauwezi kuzimia. Hapo ndipo pa kuchekea."

Akaeleza mara ya pili. Akaeleza mara ya tatu, kwa mfano, kama mkeka ungekuwa swala. Akaenda kwenye mzaha wa pili, wa tatu, wa kumi na tisa. Nyati anamkonyeza, haoni. Twiga amesinzia, shingo imemwangukia pundamilia. Kiboko akainuka, akaketi tena kwa hasira. Pwaaa! Maji yakabaki ya kufika vifundoni.

Ngiri akayaona maji. Akawakumbuka wanne wake. Akasema, "Mwenyekiti, ukinikataza leo, kesho utakuja kwangu kwenye matanga manne."

Nyati akampisha.

Ngiri akaenda mbele. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akajigusa pua.

"Samahani," akasema taratibu. "Mbele ni huku."

Nyati akacheka, naye alikuwa hataki.

"Nilipozaliwa, mkunga alimpa mama pole. Mpaka leo naingia nyumbani kinyumenyume, ili watoto waanze kuuzoea mkia."

Wakacheka. Kiboko hakucheka, ila sikio lake moja likageuka.

"Mtani, mama yako alinipenda. Kila asubuhi alisema, 'Ngiri, leo umependeza.' Miaka yote hiyo nafurahi. Kumbe alikuwa akiniona kwa nyuma."

Pu. Povu moja likatoka puani mwa Kiboko.

"Tena alikuwa mkubwa kukuzidi, lakini akija majini aliuliza, 'Nani bado hajanywa?' Wewe umekaa siku tatu. Samaki wamehama. Jana wamebisha hodi kwangu, wanaomba chumba."

Kiboko akafungua kinywa. Hoo! Hoo! Hoo hoo hoo! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakageuka kilio, akamlilia mama yake huku anacheka. Wanyama wakacheka naye. "Ongeza, mtani! Ongeza!"

Ngiri hakuongeza. Aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, watoto wangu wanne hawajanywa tangu juzi."

Kiboko akainuka, akatoka. Maji yalikuwa haba, ila yalitosha. Wa kwanza kuletwa alikuwa yule mdogo, amebebwa mgongoni na baba yake. Akanywa, gudu gudu gudu. Alipopata sauti akauliza, "Baba, umesema nini mbele ya watu?"

"Nimesema mna kiu."

"Basi?"

"Basi. Hayo mengine yalikuwa njia ya kufikia hapo."

Sikieni basi, wadogo kwa wakubwa, hasa nyinyi mnaopenda kushika kipaza sauti kwenye shughuli za watu. Mzaha ni chumvi, si ugali. Ukisimama mbele ya watu, anza kwa kujicheka mwenyewe, mjue unayesema naye, na wakishacheka sema lililokuleta, kisha ukae.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa dimbwi. Mwenye kiu na anywe. Fisi mwacheni, bado hajafika mwisho wa kisa cha mbuni.