Kwa Nini Kompyuta Huachwa na Nafasi Tupu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi alale tu, hadithi itamfuata huko huko aliko.

Enzi hizo, mawingu yalipokuwa bado yakishuka hadi barazani, kompyuta ilimiminwa mara moja ikawa kitu kimoja, bila kiungo wala skrubu. Wazee walipapasa kazi ya msanifu kwa vidole, na wakikosa mshono, walimshangilia. Lakini sehemu moja ikifa, kompyuta nzima ilizikwa, na msanifu wake akakaa matanga. Msicheke, ndivyo walivyokuwa.

Katika mji wa Mtondooni aliishi msanifu aliyeitwa Sikudhani. Alitumia miaka saba kuunda kompyuta ya kutunza sauti za marehemu. Kila alasiri watu walikuja wakaketi, wakawasikiliza wapendwa wao wakizungumza polepole mle ndani, kama maji yapitayo chini ya mchanga. Sikudhani naye alikuja kumsikiliza mama yake, Bi Mwanamkasi, akiimba huku akipepeta mchele. Tena alijivuna kidogo, maana hakuna kidole kilichowahi kukuta mshono kwenye kazi yake.

Siku moja ikatoka harufu ya kuungua, na sauti zote zikanyamaza. Mzee Makame, aliyemfundisha kazi, akaipapasa, akatikisa kichwa.

"Tuizike, mwanangu."

"Mwalimu, palipoungua hapazidi kiganja. Tuwazike watu wote hawa mara ya pili?"

"Ukiikata, hutaitwa tena msanifu."

Sikudhani akawatazama watu waliojaa uani, kila mmoja na wake aliyenyamaza. Akachukua msumeno. Alikata huku akilia, akatenganisha sehemu ya kufikiri, za kutunza, ya kusema na ya kupoza joto. Kila kipande akakichongea meno, na meno yale akayatengea mwanya wake, ili kipande kitoke na kurudi bila kuumiza vingine. Alipovirudisha vile vizima, sauti zikaamka moja moja. Mzee Makame akamsikia marehemu mkewe akimgombeza kwa kupoteza kofia, akasahau kabisa alichokuwa amekataza.

Sauti moja tu haikurudi. Kipande kilichoungua ndicho kilichomtunza Bi Mwanamkasi.

Watu walimshauri atie kipande kingine mahali pale. Akakataa katakata. "Hapo ni pa mama," alisema, na kwa miaka mingi nafasi ile ikabaki wazi, ikipitiwa na upepo. Aliumia sana, na hakuna haja ya kuficha.

Kisha akaja mwanamke mgeni kutoka nchi ya mbali, amekumbatia kifaa kidogo chenye sauti ya mwanawe aliyefariki. Kote alikopita, kompyuta zilikuwa kitu kimoja, hazikuwa na mahali pa kumpokea. Sikudhani alikaa naye mpaka chai ikapoa. Halafu akakichukua kifaa kile, akakichongea meno, akakisukuma taratibu kwenye nafasi ya mama yake. Kikaingia. Mtoto akacheka mle ndani, na Sikudhani akashtuka kujikuta naye anacheka.

Na tangu siku hiyo kompyuta huundwa kwa vipande vinavyochomoka, na msanifu, kabla ya kufunga kifuniko, huacha nafasi moja tupu kwa ajili ya mtu asiyemjua.