Hodi ya Shebughe

Hadithi inabisha hodi, waungwana, ifungulieni. Niliyaona yote mwenyewe, nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mashine. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho yangu hayajawahi kufeli mtihani.

Pale Korogwe palikuwa na seva, kompyuta inayopokea programu za wanafunzi wa mbali, kuziendesha na kuwarudishia majibu. Kila programu ni mgeni: hujui kabeba zawadi au kisu. Watatu waliilinda. Mwanakombo alikaa mlangoni. Asiye na ufunguo wa siri hapiti. Kihiyo alijenga chumba cha mgeni, hakina dirisha wala njia ya kwenda ndani, na mgeni akitoka kinabomolewa. Nyamizi alishika saa. "Wazee walitoa siku mbili," husema, "mimi natoa sekunde tano."

Alasiri moja ikaja hodi ya Shebughe. Shebughe tulimzika Ijumaa.

Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa palepale, kaja kuchukua kazi za mwanawe. Akaliona jina kwenye kioo.

"Mfungulie, mwanangu."

Ufunguo ulikuwa wa kweli. Mwanakombo akawatoa kwanza wageni wengine wote, wasidhurike, ndipo akafungua.

Programu haikupiga hesabu yoyote. Ilipapasa kuta, na kila ilipodhani imepata mlango ilitoa amri moja: futa. Ndani mlikuwa na kazi za wanafunzi mia mbili. Kuta za Kihiyo hazikutoa ufa. Ikaanza kujizaa, moja, mia, elfu, mpaka feni ikalia kama paka.

"Nne," alisema Nyamizi. "Tano." Akakata.

Baadaye ikajulikana: fundi simu alichota ufunguo kwenye simu ya marehemu.

"Kazi zile zingefutika, wangemwita mwanangu jambazi, naye yuko kaburini," alisema mama. "Kompyuta yake ni moja. Aichukue aliyeliokoa jina lake."

"Bila kuta zangu, sekunde moja ingetosha," alisema Kihiyo.

"Na bila saa yangu zingepasuka, kaka."

"Mwanakombo je?" aliuliza Kihiyo. "Asingefungua, kusingekuwa na la kuokoa."

"Mama yake alikuwa amesimama hapa," alisema Mwanakombo. "Na wageni wengine niliwatoa mimi."

Je, wewe ungempa nani?

Ngoja, usijibu. Fundi simu nimemtunga mimi, ili mama apate usingizi. Tangu afe, simu ya Shebughe ilikuwa imezimwa, ndani ya mkoba wa mama; aliyebisha hodi alasiri ile hajulikani mpaka leo.

Haya. Sasa ungempa nani?