Majani Mawili Nyuma ya Kiti cha Mama

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na sifa za kamera hiyo zilikuwa nyingi kuliko picha zake. Jina lake Ndahani, Mgogo wa Dodoma, fundi bomba. Siku za kazi alizibua mabomba ya watu. Siku za mapumziko aliwasimamisha watu juani na kuwaambia wasipumue. Maneno hayakumpungukia. Alisema akiinua kamera hata mawingu hujipanga kwa urefu. Lakini katika harusi ya rafiki yake alimpiga bwana harusi picha kuanzia tai hadi viatu, kichwa hakimo, na bibi harusi mpaka leo akiitazama hujiuliza aliolewa na nani.

Ndahani alikuwa ameoa Uchagani. Kila Krismasi yeye na mkewe Aikande walipanda mlimani kwa mama yake Aikande, Bibi Ndeamtia, mjane aliyekaa kwenye kihamba cha marehemu mumewe, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake. Bibi huyo alikuwa na wana wawili, Ndesario mkubwa na Aminieli mdogo. Baba yao alipokwisha kuzikwa kihamba kiligawanywa, na mpaka ukapandwa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo kule ndiyo hutenga cha huyu na cha yule. Msimu haukupita, Ndesario akasema mdogo wake ameyasogeza masale hatua moja. Aminieli akasema kaka yake tangu utoto hajui kupima. Neno likazaa neno, na mwisho maneno yenyewe yakakoma.

Yalikoma kwelikweli. Nyumba zao zilitazamana, moja huku ya masale na nyingine kule, lakini salamu haikuvuka. Likitokea jambo la lazima walilipitisha kwa watoto. Ndesario angesimama mbele ya mdogo wake, mate ya mmoja yakimfikia mwenzake, akamwambia mtoto, "Kamwambie baba yako mdogo ndama wake yumo kwenye maharage yangu." Aminieli naye angemwinamia mtoto yuleyule, "Kamwambie baba yako hayo maharage ndiyo yaliyomfuata ndama." Mtoto hakuhitaji hata kugeuza shingo.

Ukutani kwa mama yao zilining'inia picha mbili. Ndesario na familia yake upande huu wa kabati, Aminieli na yake upande ule. Mama alizoea kutazama moja, kisha kulizunguka kabati akatazame ya pili. Sasa macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kuondoka hairudi.

Basi Krismasi hiyo alimwita Ndahani jikoni, akamwambia taratibu, "Mkwe, wewe si wa huku, wanangu hawana neno na wewe. Nipigie picha moja, wote wawemo. Niitazame wakati bado najua yupi ni yupi."

"Mama, hiyo ni kazi ya kukohoa tu," alisema Ndahani.

Alipotoka nje kikohozi kilimkwama. Maana kabla ya jioni mtoto mmoja alikuja na ujumbe kwamba Ndesario atasimama kwa heshima ya mama, ila awekwe mwisho kabisa wa kulia. Mtoto mwingine akaja, Aminieli naye atasimama, ila mwisho kabisa wa kushoto. Ndahani akajibu wote wawili ndiyo, kama afanyavyo fundi yeyote anayeogopa mteja.

Asubuhi mapema, siku ya picha, alitoka peke yake kwenda kupima mahali. Chini ya migomba mwanga ulikuwa wa mabakamabaka, ungemfanya kila mtu chui. Palipokuwa peupe ni kipande cha majani mafupi kando ya masale, pale pale mpakani. Akasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akachungulia. Akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa zizi, akachungulia tena. Kamera ilikuwa inaona kuanzia mbuni ule hadi ndoo ile, basi. Watu walikuwa wengi. Ukiweka ndugu mmoja kona hii na mwingine kona ile, mmoja lazima akatike, na Ndahani alijua kukatwa kwa mtu katika picha kunavyokaa ukutani miaka.

Hapakuwa na njia nyingine. Wale wawili walikuwa warefu kuliko wote, nafasi yao ni katikati, nyuma ya kiti cha mama, bega kwa bega. Lakini nani wa kuwaambia? Ndahani alikuwa na mdomo wa kuamrisha mawingu. Mdomo wa kumwambia shemeji yake asogee kwa ndugu yake hakuwa nao.

Akaamua alama ziseme badala yake. Alichota majivu jikoni kwenye kopo, akaweka rundo dogo la majivu kila mahali pa mtu. Hapa Aikande. Hapa wake wa mashemeji. Hapa watoto, wakae chini. Alipofika nyuma ya kiti cha mama kopo likawa tupu, na nafasi zilizobaki ni zile mbili tu. Jikoni mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, mama yumo ndani anavaa. Ndahani akatazama huku na huku. Jani la mgomba, mbuzi atalila. Jani la kahawa, dogo mno. Akanyoosha mkono kwenye masale, akakata majani mawili marefu, mazuri, yenye umande. Upepo ulikuwa unapita, basi akalifunga kila moja fundo ili liwe zito, akaliweka mahali pake. Akarudi nyuma, akachungulia, akajisifu kimoyomoyo. Kwao Dodoma mmea ule haupo, na kama upo haumwambii mtu kitu.

Jua lilipokwea watu wakatoka na nguo za Krismasi. Bibi Ndeamtia aliongozwa hadi kwenye kiti chake, kitenge kipya mabegani.

"Mume wangu," alisema Aikande, "leo vichwa vimo?"

"Vimo. Leo hata mawazo yataonekana."

"Shemeji, mimi nichukue kichwa tu," alisema mke wa Aminieli, "viatu nimeazima."

Wakacheka, wakatafuta majivu yao, wakasimama. Ndesario akatoka kwake, koti limekaza kifuani. Aminieli akatoka kwake, akapita kwenye uwazi wa masale. Kila mmoja alikuwa akielekea kona yake.

"Kona hazina nafasi, mashemeji," alisema Ndahani, sauti imempungua. "Alama zenu ziko nyuma ya mama."

Wakaenda, kila mmoja kwa upande wake. Wakafika. Wakatazama chini.

Kicheko kikakatika. Mke wa Aminieli akashika kinywa. Watoto waliokaa chini wakageuka kutazama, na hakuna aliyewakaripia. Ndahani, kichwa chake nyuma ya kamera, alidhani wamechukia kupangwa karibu.

Aikande akaacha mahali pake, akaja hadi kwake, akanong'ona, "Umeweka nini pale?"

"Alama. Majivu yaliisha."

"Ndahani, lile ni isale. Na umelifunga fundo."

"Lisipeperuke."

Aikande akafumba macho. "Huku kwetu mtu akimkosea mwenzake hampelekei maneno. Humpelekea jani hilo, limefungwa hivyo. Likishafika, aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Watu wamesamehewa damu kwa jani hilo. Sasa kila mmoja pale anadhani mwenzake amemwomba."

Ndahani akayatazama yale majani kupitia kamera. Akaona alichokifanya. Ameomba msamaha usio wake, kwa vinywa vya watu wasiomtuma, kwa jani lililokatwa kwenye mpaka uleule uliowagombanisha. Akisema kweli, picha imekwisha na ugomvi utazaliwa upya mbele ya mama. Asiposema, amewadanganya watu wazima kama watoto. Akafungua kinywa aseme.

Ndesario akainama.

Aliinama polepole, kwa sababu ya koti. Akaliokota jani, akalipangusa umande kwa kidole. Aminieli naye akainama. Walipoinuka walikuwa karibu kuliko walivyokuwa wameinama, kila mmoja na jani lake mkononi, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

"Umenenepa," alisema Ndesario.

"Wewe umezeeka," alisema Aminieli.

Hakukuwa na mtoto katikati. Mama yao, mbele yao kwenye kiti, hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wake juu ya bega, nyuma, hewani, kama mtu anayetafuta ukuta gizani, na mikono miwili ikaupokea kwa pamoja.

Ndahani akabonyeza. Hakuchungulia, hakuhesabu, hakuwaambia wasipumue.

Alishuka Moshi mjini, akaisafisha picha kwa ukubwa wa kutosha macho yenye ukungu. Ilikuwa imelala upande kidogo. Mke wa Aminieli alikuwa amefumba macho, na viatu vya kuazima vilikuwemo vyote viwili. Vichwa vilikuwemo. Bibi Ndeamtia aliisogeza karibu kabisa na pua, akapitisha kidole juu yake, kikasimama kwenye ile mikono yenye majani, kikakaa pale muda mrefu. Kisha akaomba zile picha mbili za zamani zishushwe. Alisema sasa hana haja ya kuzunguka kabati.

Hapo ndipo moyo wa Ndahani ulipoanza kumla. Kila alipopita sebuleni aliiona furaha ya mama mkwe wake, akaona jinsi ilivyosimama juu ya majani yake mawili ya uongo. Alikuwa fundi bomba. Alijua ukifunika ufa bila kuuziba maji yatatoka siku usiyoitaka. Akasema hataondoka mlimani hajasema kweli.

Akaanza kwa Aminieli, aliyekuwa akipogoa mibuni. "Shemeji, yale majani. Si kaka yako aliyeyaweka. Ni mimi. Sikujua maana yake."

Aminieli hakuacha kupogoa. "Najua. Nilikuwa dirishani. Nikakuona unavyokata masale yangu bila hodi."

"Ulijua? Na ukaliokota?"

"Kaka hakukuona. Alidhani nimemwomba mimi." Akakata kitawi, akakitupa. "Usimwambie. Mwache aamini ni mimi niliyeliweka."

Ndahani akaondoka. Akavuka uwazi wa masale, akamkuta Ndesario zizini akiwakatia ng'ombe vigogo vya mgomba. Alikuwa ameombwa anyamaze, lakini hakuwa ameahidi. Ahadi yake ilikuwa moja, kusema kweli kabla ya kuondoka.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya picha, yale majani ni mimi niliyeyakata."

Ndesario akaweka panga chini. Akatazama ng'ambo ya masale, kuona kama kuna mtu anayesikia. Kisha akamvuta Ndahani ndani zaidi ya zizi, kati ya ng'ombe, akateremsha sauti.

"Nilikuwa nakamua. Ulikuja mpaka ukaegemea ukuta huu, mgongo wako ukatikisa zizi zima, maziwa yangu nusura yamwagike. Niliona kila kitu." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mzito. "Lakini mdogo wangu hakuona. Usimwambie, shemeji. Mwache aamini ni mimi niliyeliweka."

Ndahani alirudi Dodoma na siri mbili ambazo zilikuwa siri moja, naye aliyezoea kusema hata yasiyokuwepo hakuzisema kwa ndugu yeyote kati ya wale. Mwaka uliofuata alipopanda tena mlimani, Bibi Ndeamtia hakuweza tena kuiona picha. Lakini jioni, wanawe wawili walipokaa barazani kwake wakibishana juu ya bei ya kahawa, wakikatizana, wakiitana vichwa vigumu, yeye aligeuza uso wake kuifuata sauti ya huyu kisha ya yule, na hakuuliza yupi ni yupi. Na masale ya mpakani, pale palipokatwa majani mawili, yalikuwa yamechipua.

Nawe unayengoja jani hilo lije kutoka mkono unaoujua, siku utakapolikuta miguuni pako halina mwenyewe, utauliza kwanza nani ameliweka, au utainama?